Chaki Nene

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, ndiyo maana alianza na sifa. Alimwambia Binti kwamba chaki za karakana yao hazikatiki ovyo. Alisema hazimwagi unga mwingi. Alisema yeye mwenyewe, enzi akiwa mwalimu wa kawaida, aliandikia chaki hizo hizo mpaka akapandishwa cheo. Kisha akafungua droo, akatoa boksi dogo la chaki nyembamba zilizobanana kama njiti za kiberiti, akaliweka mezani kando ya boksi lao.

"Walimu wangu wa siku hizi ni vijana," akasema. "Wanasema za kwenu ni sawa na kuandikia mwiko."

Binti, aliyekuwa ameleta boksi hilo, akacheka kidogo, kwa adabu.

"Muhula huu tutachukua kama kawaida. Muhula ujao, dada yangu, mkiwa na nyembamba, mimi nitakuwa mteja wenu wa kwanza. Msipokuwa nazo..." Hakumalizia. Alifunga droo polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Ilikuwa ndiyo shule kubwa ya mwisho iliyobaki. Nyingine zilikwisha kuondoka moja moja, bila ugomvi, kama wageni wanavyoaga msibani.

Karakana yao ilikuwa nyuma ya nyumba: chumba kirefu chenye paa la bati, sakafu ya saruji, na madirisha mapana yasiyo na vioo ili upepo upite. Kila kitu humo kilikuwa cheupe. Ndoo, rafu, kamba ya kuanikia vitambaa, hata nyusi za watu. Waliofanya kazi walikuwa watatu tu sasa. Baba, mwenye karakana, alikoroga jasi na kuimimina. Shangazi, dada yake baba, alipanga na kupakia. Binti, ambaye kila mtu pale alimwita hivyo hivyo tangu utoto, alitafuta wateja na kupeleka mizigo.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Unga wa jasi unakorogwa na maji kwenye beseni mpaka uwe kama uji mwepesi. Kalibu za aluminiamu, zenye matundu yaliyopangwa safu kwa safu, zinapakwa mafuta. Uji unamiminwa upesi, maana jasi haina subira. Ukisimama kujibu salamu mbili tatu, inakugandia. Ikishika, kalibu inafunguliwa, na chaki zinalazwa kwenye trei za wavu zikauke, kwanza kivulini, kisha juani. Hizo zao zilikuwa nene kama dole gumba la mtu mzima, na zilichukua muda mrefu kukauka. Wakati wa mvua ndiyo usiseme. Zililala kwenye trei zikitoa jasho kama wagonjwa wa homa.

Trei ikishakauka, baba alichukua chaki moja na kwenda nayo kwenye ubao wa zamani uliotundikwa ukutani. Hapo ndipo alipokuwa kichekesho. Hakuishika chaki kwa vidole kama watu. Aliishika kwa ngumi, dole gumba likiwa limelala ndani ya kiganja, kama mtoto anayeshika kijiko mara ya kwanza, na kwa ngumi hiyo akavuta mstari mmoja kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, akikandamiza kweli kweli. Chaki ikifika salama, alisema, "Pakieni." Ikikatika, trei nzima ilirudi kwenye beseni la kusagwa.

"Kaka," shangazi alipenda kumtania, "umetengeneza chaki mpaka mvi, na kuishika bado hujui."

"Fundi viatu naye hutembea peku," baba alijibu, na siku zote alijibu hivyo hivyo.

Binti alirudi kutoka shuleni akamweleza baba yake maneno ya mwalimu mkuu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akifuta kalibu kwa kitambaa.

"Nyembamba zimejaa madukani," akasema. "Sisi ni watu wa nene."

"Kwa nini lakini, baba?"

"Subira huvuta heri, mwanangu."

"Na wateja je, wanavutwa na nani?"

Shangazi akaguna kule alikokaa, na baba akatabasamu. Lakini jibu hakutoa. Hilo ndilo lililomchosha Binti. Baba yake hakuwa mbishi. Alipoambiwa mafuta fulani ni bora kuliko mengine, alibadilisha. Alipoambiwa avae kitambaa puani, alivaa. Kwenye unene wa chaki tu ndipo alipogeuka kuwa mlango uliopigiliwa misumari.

Mwisho wa wiki ile palikuwa na semina ya wajasiriamali. Ilifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wakiwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Binti alikaa kati ya mama mfuga kuku na mwenye saluni. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kujali, na alijua kazi yake.

"Mjasiriamali ana sifa nyingi," alianza. "Uthubutu. Uvumilivu. Kukubali kuuliza. Lakini mama wa sifa zote ni hii: kuiona haja ya mtu kabla mwenyewe hajaisema. Ukiona mtu anahangaika na kitu kimyakimya, na wewe ukakaa ukakitafutia dawa, tayari umeanza biashara, hata kama hujui."

Kisha akageukia ubao, akachora visanduku vinne.

"Wa kwanza ni mbunifu. Huyu anapita pasipo na njia, na wengine wanafuata nyayo. Wa pili ni mwigaji, na tafadhali msimcheke, maana kuiga vizuri ni kazi. Anachukua kilichobuniwa na mwingine, anakirekebisha kimfae yeye na wateja wake. Wa tatu ni mwenye hadhari. Huyu habadiliki mpaka maji yamfike shingoni." Akasubiri kicheko kipite. "Wa nne sasa. Wa nne maji yamemfika puani, na ukimuuliza anakwambia ni umande."

Darasa lilicheka sana.

"Huyu tumpe jina gani?"

"Jiwe!" akasema mwenye saluni.

"Mume wangu!" akasema mfuga kuku, na madawati yakalia kwa vicheko.

Binti alicheka pamoja nao, kisha akatazama ubao. Mwezeshaji alikuwa ameshaandika neno "Jiwe" kwenye kisanduku cha nne. Alikuwa ameliandika kwa chaki nyembamba, na mwandiko ulikuwa safi.

Jumatatu asubuhi Binti aliingia karakanani wakati baba yake amekwisha kumimina jasi kwenye maji. Huo haukuwa wakati wa kusema na mtu aliyesimama kwenye beseni, na Binti alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini alikuwa amelala na maneno yale na kuamka nayo.

"Baba, muhula ukiisha tutafunga. Unalijua hilo?"

"Ngoja nimimine."

"Siku zote ni ngoja. Tumengoja mpaka tumebaki na shule moja. Shangazi umri huu ataenda wapi? Mimi nitaenda wapi? Niambie sababu moja tu, baba. Moja, nami nitanyamaza."

Baba aliendelea kukoroga. "Nene hazikatiki," akasema.

"Hazikatiki na hazinunuliki! Juzi kwenye semina wametufundisha aina za wajasiriamali. Ziko nne. Wewe ni wa nne."

Mwiko ukasimama. "Wa nne ndiye yupi?"

Binti alitamani kunyamaza, lakini neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Ni yule asiyebadilika hata akiona anazama. Wanamwita jiwe."

Shangazi aliacha kupakia. Baba alimtazama binti yake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akainamisha macho kwenye beseni. Jasi ilikuwa imeganda. Mwiko ulisimama wima katikati yake bila kushikwa na mtu. Katika maisha yake yote ya kazi, hilo lilikuwa halijamtokea.

"Ni kweli," akasema.

Alichukua nyundo na tindo, akaketi sakafuni, akaanza kulibomoa donge kipande kwa kipande. Binti alichuchumaa amsaidie, naye akamsogezea beseni upande wake ili wafikie wote wawili. Mchana waliendelea na kazi kama kawaida, na jioni baba aliaga mapema.

Asubuhi iliyofuata rafu ya kalibu ilikuwa tupu. Ilibaki michoro ya mistatili safi pale kalibu zilipokuwa zikikaa, na vumbi jeupe likiwa limeizunguka. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hajavaa hata kitambaa cha kazi.

"Kazipeleka kwa msubi," akasema. "Ziyeyushwe. Kasema aluminiamu hiyo hiyo itatosha kalibu za nyembamba, hakuna haja ya kununua."

Binti aliruka kwa furaha, akapiga kofi moja, ndipo akauona uso wa shangazi yake.

"Mbona unalia sasa? Si ndicho tulichokuwa tunakitaka?"

"Ulikitaka wewe. Mimi nilikuwa nakihofu." Shangazi alijifuta kwa upindo wa khanga. "Kaa hapa. Niliapishwa nisiseme, lakini aliyeniapisha ameshatangulia mbele ya haki, na kiapo chenyewe nadhani kimeishia leo kwa msubi."

Akamweleza.

Mama yake Binti alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Hilo Binti alilijua. Hakujua kwamba, alipokuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, vidole vya mama yake vya mkono wa kulia vilianza kujikunja. Kwanza kidole kidogo, kisha vile vingine, mpaka dole gumba likalala ndani ya kiganja na lisitoke. Ndoo aliweza kuibeba. Mtoto aliweza kumpakata. Chaki ndiyo ilimshinda. Nyembamba ilikuwa ikipita kwenye ngumi yake kama maji, na akiibana inakatika. Akawa anawaita watoto wamwandikie ubaoni, akijifanya ni mazoezi yao, na akirudi nyumbani anajifungia chumbani.

"Hakumwambia mtu. Alisema mwalimu asiyeshika chaki wanamfanyia nini, si wanamrudisha nyumbani? Hata baba yako hakumwambia. Baba yako aliona mwenyewe. Alimkuta anafunga kitambaa kwenye kipande cha chaki ili kinenepe, akanyamaza, akatoka."

Wakati huo baba hakuwa na karakana. Alikuwa fundi wa dari, anapachika mabamba ya jasi kwenye nyumba za watu. Siku ile alirudi na mabaki ya unga kwenye mfuko, akakata mabua ya majani ya mpapai, yale yaliyo wazi ndani kama bomba, akayamiminia jasi jikoni. Zilizotoka zilikuwa zimepinda, lakini nene. Mama akazishika kwa ngumi yake, akaandika ukutani.

"Alirudi kufundisha. Wenzake wakaziona, wakasema hizi hazikatiki, tuletee na sisi. Baba yako akaleta. Ndipo akatengeneza kalibu, akizipima kwenye ngumi ya mama yako, aliyekuwa ameketi hapa hapa, mimi nikiona. Biashara yote hii imetoka hapo, Binti. Hakuwa anatafuta biashara. Mama yako alifundisha mpaka ugonjwa ulipoacha mkono ukaingia kifuani. Na mpaka anafumba macho hakuna mtu wa nje aliyejua. Alituomba tusiseme, hata kwako. Alitaka ukumbuke mikono mizima."

Binti alitazama ubao wa ukutani. Mstari wa mwisho ulikuwa bado pale, mweupe, umepita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kwa hiyo ile ngumi..."

"Ile ngumi ni ya mama yako," akasema shangazi. "Mimi nilikuwa namtania ili asilie."

Msubi alikuwa na kibanda nyuma ya magereji, mwisho wa barabara ya mawe. Binti alikimbia na nguo za kazi, watu wakimkwepa kama aliyetumbukia kwenye gunia la unga. Alipofika alimkuta baba yake ameketi juu ya injini kuukuu, mikono magotini. Msubi, mtu mnene mchangamfu, alikuwa akikoroga chungu cha chuma juu ya moto uliopulizwa na feni.

"Karibu, karibu! Aluminiamu nzuri hii, siku hizi haipatikani," akasema. "Imeyeyuka yenyewe kama siagi. Mzee kaniletea mapema, nikasema leo naanza na wewe."

Ndani ya chungu mlikuwa na kitu kinachong'aa, kizito, kimya. Hakuna pembe ya kalibu hata moja iliyokuwa imebaki.

"Baba," akasema Binti, na pumzi ikamwishia. "Mbona hukuniambia? Nilikuuliza sababu moja tu."

"Mama yako alisema mtu asijue." Baba aliongea kwa sauti ya kawaida, akitazama moto. "Hakusema mpaka lini. Nikaogopa kukisia."

"Ningenyamaza. Wallahi ningenyamaza."

"Najua. Halafu tungefunga, na shangazi yako angekaa bure. Hapana. Wewe hukukosea, mwanangu, ila ulinikuta nimechelewa. Mkono wenyewe tulishauzika. Nimekaa miaka yote natengenezea chaki mkono uliozikwa."

Msubi alisimamisha mwiko wake wa chuma. Baba akainuka, akamshika Binti begani, ukabaki unga mweupe kwenye mkono wake.

"Mimina, fundi," akasema. "Isije ikapoa."

Kalibu mpya zilifanya kazi vizuri. Chaki nyembamba zilishika upesi na kukauka upesi, na hata siku za mawingu hazikuleta shida. Trei ya kwanza ilipokuwa tayari, wote watatu walisimama karakanani. Baba alichukua chaki moja, akaenda nayo ubaoni. Mkono wake ukajikunja wenyewe kuwa ngumi, dole gumba likalala ndani. Akakandamiza. Chaki ikakatika kabla haijafika popote.

Akachukua ya pili. Ikakatika.

"Shika kwa vidole, baba," Binti akasema taratibu.

Akaishika kwa vidole. Alikuwa kama mtu aliyevishwa kiatu cha mwenziwe. Akavuta mstari mwembamba, mzuri, mpaka mwisho wa ubao.

"Ziko sawa," akasema. "Pakieni."

Akanawa mikono kwenye ndoo, kwa makini, kidole kimoja kimoja, akaning'iniza kitambaa chake kwenye msumari na kutoka. Toka siku ile hakujaribu tena chaki. Asubuhi alipita mlangoni, akawasalimu, akauliza kama jasi imefika, akashukuru alipojibiwa, akaondoka zake. Alikuwa na adabu ya mgeni. Walimbembeleza aje kukoroga tu, akasema mikono imechoka. Shangazi hakumtania tena, na hilo lilikuwa baya kuliko yote.

Mwalimu mkuu alitimiza ahadi. Alikuwa wa kwanza kununua, na shule zilizokuwa zimeondoka zikaanza kurudi moja baada ya nyingine. Ikabidi waajiri wapakiaji. Habari zikamfikia mwezeshaji wa semina, naye akamwomba Binti aje kuzungumza na wajasiriamali wapya, awe mfano wa yule wa aina ya pili: mwigaji mzuri aliyeokoa biashara ya familia.

Binti alikwenda. Darasa lilikuwa lile lile, madawati yale yale. Mwezeshaji alikuwa ameshachora visanduku vinne, na cha nne hakikuwa na jina bado.

"Tueleze," akasema. "Biashara yenu ilianzaje? Aliyeianzisha tumweke sanduku gani?"

Akampa chaki. Ilikuwa ya kwao. Aliijua kwa weupe wake. Binti alisimama mbele ya visanduku akivitazama kimoja kimoja. Alikumbuka sentensi aliyoisikia katika chumba hicho hicho na kuipita bila kuiona, ile ya haja ya mtu ambaye hajaisema. Watu walisubiri. Alitaka kuandika kitu nje ya visanduku vyote, pembeni, kwenye nafasi tupu ya ubao. Akainua mkono, na ndipo alipogundua kwamba vidole vyake vimejikunja, na dole gumba limelala ndani ya kiganja.

Akakandamiza. Chaki ikakatika vipande, vikadondoka miguuni pake.

Watu wakacheka, kicheko chema tu, cha kumtia moyo. Kutoka nyuma mtu mmoja akasema, "Dada, unatengeneza chaki na kuishika hujui?"

Binti alijua jibu la utani huo. Alilisikia maisha yake yote. Lakini alipofungua mdomo alisema, "Samahani," akainama kuokota vipande, akakaa chini vile, ameinama, mpaka mwezeshaji alipokuja kumsaidia.